Ukuta wa Turubai

Filamu yenyewe ilipigwa kwa siku tisa,
Februari ya hamsini na mbili, hapa hapa Buffalo,
ndani ya ghala la magodoro.
Ukitazama vizuri nyuma ya kizimba
utaiona kona ya godoro moja, na milia yake,
limelala kama shahidi aliyechoka kungoja zamu.

Jumatano usiku, chini ya kanisa la Wapolandi:
viti vya chuma, kahawa ya birika, watu kumi na wanne.
Theluji imeziba vidirisha.
Mtambo unakohoa. Picha inaruka, inatulia.

Jaji anaingia. Joho lake ni la kwaya;
kifuani kuna msalaba uliofumuliwa
na uzi haukutoka wote.
Anagonga nyundo, na ukuta wa mahakama
unatikisika.
Turubai tu, na mbao, na rangi ya marumaru
iliyopakwa na mtu ambaye marumaru hajawahi kuigusa.
Tunacheka. Anagonga tena. Tunacheka tena.

Penye udhia penyeza rupia:
wakili anapenyeza bahasha chini ya sahani ya jaji,
mkahawani, penye supu isiyotoa mvuke.
Kesi ya ngedere amepewa nyani,
na nyani huyu, ananinong'oneza Wanda Kaczmarek,
alikuwa muuza bima wa kawaida,
dola kumi na mbili kwa siku,
na aliomba alipwe kwanza.

Wanda ana miaka mingi na mkoba magotini.
"Subiri," ananiambia. "Sasa hivi."
Kamera inapita mbele ya baraza la waamuzi.
Wapo tisa badala ya kumi na wawili; pesa ziliishia hapo.
Wa tatu kutoka kushoto, msichana wa miaka kumi na tisa
ndani ya koti la dada yake,
anaitikia kwa kichwa: ana hatia.
Sekunde mbili. Basi.

"Nililipwa dola tano na mkate wenye nyama ya bata mzinga.
Kesi inahusu nini, hawakutuambia.
Walisema, mkiona mkono umenyanyuka, itikieni.
Mkono ukanyanyuka."

Na yule kijana, mpakia mizigo
asiye na pesa za kununua hata uongo wake mwenyewe,
anatolewa kwa mlango ambao nyuma yake
hakukuwa na gereza. Palikuwa na ngazi na ndoo.
Wanda alimkuta pale baadaye, akiomba kiberiti.

Mwaka wa sitini na moja ikawa zamu ya kaka yake, Zygmunt,
katika mahakama isiyo ya filamu.
Nyaya za shaba zilipotea kiwandani.
Meneja alikuja kutoa ushahidi,
na meneja alicheza karata na jaji;
watu walijua siku, walijua na nyumba.
"Jaji alipogonga, mimi niliutazama ukuta.
Nilikuwa nangoja utikisike.
Ulikuwa wa mawe."

Miaka minne.

Mimi ni mkalimani. Mchana husimama
kati ya jaji na mtu asiyeelewa anachoulizwa.
Niliapa: nisiongeze neno, nisipunguze neno.
"Hatia" nalitafsiri bila kumeza mate.
Lakini kuna kimya kinachofuata,
kile cha mtu anayehesabu nani atamchukua mtoto shuleni
saa tisa na robo leo,
na hicho sijakipatia maneno,
wala hakuna anayeniomba.

Kopo la mwisho limeoza. Utepe unakatika
jaji akiwa bado anavaa glavu zake,
na taa zinawashwa juu ya nyuso zetu.
Mtu wa nyuma anauliza: je, alikamatwa?

"Alikamatwa," anasema Wanda. "Niliiona ilipotoka.
Watu walisimama wakapiga makofi."
Anatafuta tundu la kifungo cha koti, analikosa, analipata.
"Mkumbuke lakini, ilikuwa filamu ya bei rahisi.
Hakukuwa na pesa za kumfanya aponyoke."